Mzee Simioni Nchagwa na Maji ya Jumapili ya Meza

Jumapili ya tarehe 28 Desemba 2008, Mzee Simioni Nchagwa anastaafu utunzaji wa kanisa letu la Nyamwaga baada ya miaka ishirini na tisa. Alikabidhiwa ufunguo mwaka 1979, wakati kuta zilikuwa za udongo na tulikalia magogo. Mengine yalitokea kabla sijazaliwa au nikiwa mtoto, hivyo nimewauliza waliokuwepo. Palipo na kosa, naomba radhi mapema.

Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga kengele na kuchota maji. Lakini kila aliyepita mlango huu anajua kwamba alitufundisha kunyamaza mbele za Mungu. Watoto waliolia hakuwagusa. Alisema Mungu anawaelewa. Watu wazima walionong'ona bei ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wakati wa sala, hao alikwenda kusimama karibu nao, akakohoa kidogo. Kijana mmoja aliyeegemea Meza ya Bwana aliulizwa, kanisa zima likisikia: "Wewe, kwa baba mkwe ungeegemea hivyo?" Katika nchi ya Wakurya, ambako mbele ya mkwe mtu hukaa kwa adabu kuu, hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Kijana alisimama wima mpaka baraka ya mwisho.

Mwaka 1996 dhahabu ilikuwa imewavuta vijana wetu karibu wote mashimoni. Jumapili moja ya Meza, baada ya mkate na kikombe, wanaume walikuwa wakitawadhana miguu kama ilivyo desturi yetu. Mtu akapita nje akipiga kelele: "Duara limetema!" Maana yake shimo limetoa dhahabu. Vijana wakatoka mbio, wengine mguu mmoja umeoshwa na mwingine bado, viatu wameviacha chini ya benchi. Waitara, mwenye duara lenyewe, alikimbia na taulo la kanisa begani.

Wazee walikasirika, na walikuwa na sababu. Walitaka mlango ufungwe, viatu vitupwe nje, na waliokimbia wasiikaribie Meza mwaka mzima. Mzee Simioni naye alikuwa ameumia kuliko wote. Hata hivyo alijua kwamba vijana wakifukuzwa siku ile, wengi wao kanisa hawataliona tena. Alimwomba Mchungaji Joram Owiti ibada isifungwe kwanza. Akasema Mungu ni mtakatifu, kwa hiyo hatuwezi kujifanya hakuna kilichotokea. Na kwa kuwa ni mtakatifu, mwenye uchafu aende wapi kama si kwake?

Alimwaga maji ya zamani, akachota mapya, akavipanga viatu mlangoni, akapiga magoti. Kanisa zima likapiga magoti pamoja naye.

Kule kilimani, kwenye duara, vijana walikuta tope tupu. Walirudi wakichechemea kwa mawe, wakidhani watachukua viatu na kuondoka kimya kimya. Walipowaona watu wote wamepiga magoti, hakuna aliyegusa kiatu. Waitara alilia mlangoni. Mzee Simioni alimketisha, akamwosha miguu yote miwili, hata ule uliokuwa umeoshwa tayari, kisha akamdai taulo la kanisa, na watu wakacheka. Mama Rhobi, mke wa Mzee Simioni, anasema hicho ndicho kicheko pekee ambacho mumewe aliwahi kukiruhusu wakati wa kutawadhana.

Tangu siku hiyo, wachimbaji wetu huacha sululu na tochi nje ya geti bila kuambiwa, na hufika kabla ya kengele. Mwezi uliopita baraza lilimchagua mtunza kanisa mpya. Ni Waitara.

Mzee Simioni na Mama Rhobi wanahamia Morotonga, kwa binti yao Christina. Shikamoo, Mzee wetu, na asante kwa mlango uliouacha wazi. Mungu awape siku njema na afya. Ukifika kanisani huko, keti benchi la mbele upumzike. Safari hii maji atachota mwingine.