Khalidi kwa Penseli

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waganga, wauguzi wenzangu, familia ya mstaafu, na nyinyi mliojibanza karibu na soda: nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika tano nimuage karani wetu wa vizazi, Mzee Wino. Dakika tano ndizo alizokuwa akitumia kukuna kichwa kabla ya kuandika jina moja.

Nani hapa hakuhojiwa naye? Baba mmoja alikuja mbio, anataka mwanawe aitwe Khalidi.

“Maana yake unaijua?”

“Si yule winga wa kushoto, mzee?”

Karani akavua miwani. “Ni jina la Kiarabu, mwanangu. Khalidi ni mwenye kubaki, wa kudumu. Usije kulalamika ana miaka arobaini na bado anakula kwako.”

Yule baba akarudi wodini kushauriana upya na mkewe.

Tulicheka sana. Mwaka uliofuata nikajifungua mimi, mimba haijatimia, mtoto anaenea kiganjani. Mimi ni mkunga, nilijua hali yake. Nikakataa kumpa jina. Niliogopa, ndugu zangu. Nikimpa jina, nitakuwa na mtu wa kumlilia.

Daftari la vizazi linataka jina siku ileile, tena kwa wino. Karani akaja kitandani kwangu.

“Dada, nimeandika Khalidi kwa penseli. Kila asubuhi nikimkuta, napitisha wino herufi moja.”

Herufi saba, asubuhi saba. “K tayari, dada.” Kesho yake, “H tayari.” Siku ya nne alipita mara mbili, eti amesahau kalamu. Wakaguzi walipoliona daftari, akapewa barua ya onyo. Aliikunja, akaniuliza mtoto ameongezeka gramu ngapi.

Khalidi ndiye yule mrefu anayewaziba watu wa nyuma. Ana miaka ishirini na miwili na bado anakula kwangu. Karani hakukosea.

Mheshimiwa Mkurugenzi, desturi yetu ni mstaafu akatwe jina kwenye daftari la mahudhurio, kwa wino mwekundu, mbele ya wenzake, na kazi hiyo ni yangu. Daftari hili hapa. Jina lake nimelikata kwa penseli. Barua yangu ya onyo naomba ikae faili moja na yake.

Mzee wangu, nakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu.