Msumari Ni Baba Mkwe

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, wakuu wa idara, mafundi wote wa karakana ya umeme, ndugu wageni waalikwa, mama mkwe wangu mpenzi. Na wewe, Baba, mstaafu wetu wa leo: habari za mchana.

Familia imenituma mimi, mke wa mtoto mkubwa wa Baba, niseme kwa niaba yake. Niliandikiwa hotuba nzuri sana. Nimeiacha kwenye mkoba, maana tangu Jumamosi moyo wangu haujatulia, na nikiwasomea yale ya "mchapakazi hodari" nitakuwa nawazuga.

Wengi wenu mnalijua lile kundi la mtandaoni la mtaa wetu, ambako watu hubishana tangu chai ya asubuhi: tuseme kompyuta au tarakilishi, diwani afukuzwe au aongezewe muda, akili mnemba itatukomboa au itatumaliza. Humo mimi najiita Pilipili. Na humo alikuwamo mtu mmoja, Msumari, ambaye kwa miaka miwili alininyima raha. Nikisema tarakilishi, anauliza inauzwa duka gani. Nikisema akili mnemba itupangie bajeti, anajibu, "Hiyo mashine imepanga foleni ya maji lini?" Siku moja nikachoka, nikamwandikia mbele ya watu elfu mbili: "Kalale, babu. Kichwa maji wewe!" Naye akajibu, "Hivi huyu binti hana wakwe wa kumfunza adabu?"

Jamani! Jioni ileile, mezani, maana tunaishi nyumba moja, Baba akaniuliza, "Mwanangu, mbona umenuna?" Nikamwambia kuna mjinga mmoja kanichefua mtandaoni. Akanisogezea bakuli la mchuzi, akasema, "Achana naye. Watu wengine hawakulelewa."

Basi Jumamosi iliyopita akaniletea simu yake, maandishi yamekuwa madogo hayasomeki, niyakuze. Nikaifungua. Juu kabisa jina la Msumari, na chini yake jibu ambalo halijaisha kuandikwa, la kunisuta mimi. "Baba! Msumari ni wewe?" Akavua miwani. "Pilipili?" akasema. "Pilipili ndiye wewe?" Mama mkwe alidhani tumepata msiba, akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

Nimemtukana mkwe! Nani kati yenu amewahi kumwita baba mkwe wake kichwa maji, tena kwa maandishi? Nilipiga magoti palepale, akasema yameisha. Wapi! Siku hiyohiyo akajitoa kundini. Sasa anakula mapema kabla sijarudi kazini, na tukikutana mlangoni ni "shikamoo", "marahaba", basi. Mtu aliyekuwa akinijibu mara ishirini kwa siku!

Mganga Mkuu ametusimulia hapa jinsi jenereta ya chumba cha upasuaji ilivyoletwa, na jinsi Baba alivyokataa mara tatu kutia sahihi ya kuipokea, akabishana na mhandisi mpaka akaitwa mkorofi, na ilipojaribiwa mara ya nne ikatoa moshi. Mmempigia makofi kwa ubishi ule. Mimi je? Mimi nimemnyamazisha. Jumatatu hana karakana, hana kundi. Atashinda sebuleni akiongea na nani? Linaniumiza hilo, ndugu zangu, kuliko hata aibu yenyewe.

Baba, lile tusi nalifuta mbele ya hawa wote, na ninakuomba radhi. Lakini hoja zangu sifuti hata moja. Diwani aondoke, na tarakilishi ni neno zuri. Rudi, kwa jina lolote unalolitaka, unibishie. Nyumba imepoa mno, mimi siiwezi.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Nilikuwa na la kumalizia, ila naona Baba amenyoosha mkono, na uso kaukunja vilevile kama anavyoukunja akimjibu mtu kwenye simu yake. Mshereheshaji, tafadhali, mpelekee kipaza sauti haraka. Mimi nakaa chini.