Yudita Mwita, Mtafiti wa Grafini

Ndugu zangu mliofika hapa Columbus kutoka Louisville na Buffalo, mimi ni Bernard, kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Dada yetu Yudita alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Tarime, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Mwita na mama Catherine, ambaye anatusikiliza kwa simu. Yudita alisoma shule ya msingi na sekondari mkoani Mara, akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2007, Agosti 2009 akaja Louisville, hapa Marekani, kwa shahada ya pili, na Septemba 2012 akahamia Buffalo kwa uzamivu.

Kazi yake ilikuwa kulaza molekuli zenye usumaku juu ya grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, ili siku moja kompyuta zitunze habari kwa usumaku wa elektroni. Miaka miwili alizilaza juu ya metali tupu, zikapoteza usumaku, wenzake wakahamia miradi mingine, naye akabaki peke yake, mpaka tarehe 6 Februari 2015, alipotanguliza grafini juu ya metali na usumaku ukadumu. Alinipigia nikiwa kazini ghalani, akasema, "Kaka, zimekubali," nikamjibu nina shughuli, na nilipompigia Jumapili alizungumzia theluji tu.

Hakujaliwa ndoa wala mtoto, na pale mtaa wa Riverside, Buffalo, alipopanga, meza yake ilikuwa na kiti kimoja.

Aprili 2016 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatuficha, hadi mwishoni mwa Septemba jirani yake Mkongo, mama Nabintu, aliponipigia akisema, "Dada yako iko mgonjwa sana, bon, alinikataza kukuambia." Nilimleta kwangu Reynoldsburg, hapa jirani, na kwa wiki tano alinichorea molekuli zake kwenye bahasha, nami nikauliza maswali niliyopaswa kuuliza zamani, mpaka alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2016.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mama Nabintu aliyempikia uji miezi yote ile, na wenzake wa maabara waliosafiri kwa saa tano kuja kumzika.

Yudita binti Mwita, Mungu akupe pumziko la amani, na huko uendako wawepo wengi wa kukusikiliza.