Fundi Aliyeisoma Tanzia Hadi Pazia

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mliofanya kazi na dada yetu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, nimesimama hapa kwa agizo lake mwenyewe, alisema asitafutwe mtu wa kusoma kwa sababu msomaji yupo, kwa hiyo nikikwama mahali mnivumilie, nitafika.

Dada, ambaye wengi mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kwenye nyumba za matofali nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma mpaka darasa la tano, mwaka 1973 mama akaugua, naye akabaki nyumbani kutulea.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye karakana ya ushonaji, na lile pazia jekundu la ukumbi wa maonyesho walilishona yeye na wenzake mwaka 1998, wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakalitundika, wakaondoka kabla watazamaji hawajafika.

Tarehe 8 Desemba 1984 aliolewa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana, ambaye ni fundi umeme.

Januari 2019, akiwa amestaafu, alinivuta mpaka shule ya jioni, yeye darasa la sekondari, mimi chumba cha wanaoanza herufi, nikamwambia dada, kwa umri huu tutachekwa, akanijibu, wacheke tu, wakichoka watatukuta bado tunasoma.

Kilichomtesa ni fasihi, ile tamthilia ya zamani, tanzia ya malkia anayekataa kumfungulia lango mwanawe aliyerudi na jeshi, mpaka kijana anafia nje, na mtihani wa mwaka 2021 alifeli kwa kuandika kwamba yule ni mama mbaya na kuishia hapo. Mwalimu alimwambia kuhukumu si kuhakiki, akampa insha mbili za wahakiki, ya kwanza inasema malkia aliponzwa na kiburi, ya pili inasema alikuwa anawalinda watoto wa wenzake.

Wakati huo kisukari kilishampunguzia macho, ikabidi nimsomee mimi, nami nikasoma kila kilichokuwepo, hata maelekezo ya jukwaani, nikayatamka kwa sauti ileile ya malkia, analia, anakaa, anatoka kushoto, dada akacheka akashika mbavu, akasema, we mtoto, hayo hayasemwi, yanafanywa.

Agosti 2022 tulikwenda ukumbini kuitazama tanzia ile, chini ya pazia lake, nikawa namnong'oneza kwamba malkia ameingiza ufunguo kwenye kufuli, ameuchomoa, mkono unamtetemeka, bwana mmoja wa mbele akageuka kutunyamazisha, dada akamwambia, samahani baba, sisi tuko kwenye mtihani. Njiani akasema wahakiki wote wawili wana hoja, ila kwa mkono ule yeye anasimama na wa pili, na Novemba ya mwaka huohuo, kwenye mtihani wa marudio, akaomba mtu wa kumwandikia, akazitaja insha zote mbili, akapingana na moja kwa heshima, akafaulu, cheti kiko sebuleni, kiangalieni mkipita.

Februari mwaka huu wa 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na hata wodini kila nikifunga kitabu cha malkia aliniambia fungua, hatujafika pazia linapofungwa, tukafika, na asubuhi ya tarehe 9 Juni akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake wa karakana, na mwalimu wa jioni, ambaye hakuwahi kumwonea huruma kwenye kusahihisha.

Dada, nimesoma mpaka mwisho, na hapa mwishoni mwa karatasi nimejiandikia maelekezo yangu, anakunja karatasi, anakaa, halii, hayo ndiyo nitajaribu kuyafanya. Pumzika kwa amani, Fundi wetu, pazia ulishalishona.