Historia ya Marehemu Brayson Nanyaro, Aliyepima Sayari za Mbali

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu mliofika hapa Akheri, Bwana asifiwe, haya anayoyasoma Ruth, dada wa marehemu, yameandikwa na mjane, Namnyaki, na Ruth amekubali kuyasoma yote, hata yale ambayo jana kikao cha ukoo kiliagiza yarukwe.

Brayson Elieshi Nanyaro alizaliwa tarehe 4 Machi 1993 hapahapa Akheri, mtoto wa tatu wa mzee Elieshi na mama Magdalena, akasoma shule ya msingi hapa, akamaliza kidato cha sita mwaka 2013, akasomea fizikia Dar es Salaam, akafundisha sekondari Ngaramtoni, ndiko alikompata Namnyaki, na mwaka 2021 akaenda Cape Town kusomea nyota.

Kazi yake ilikuwa kupima mwanga wa nyota moja ya mbali mno, inayofanana na jua letu, mwanga ukififia kidogo ujue sayari inapita mbele yake, na kwa kiasi ulichofifia akaujua ukubwa wa sayari, kisha akaona sayari ile mara inachelewa, mara inawahi, akasema ipo nyingine inaivuta, wenzake wakamcheka, akakokotoa mpaka uzito wake, wakakubali. Ukoo huu ukachinja mbuzi, wazee mkasema damu yetu hiyo, na sayari ya pili hakuna aliyeiona, hata yeye hakuiona.

Posa ilipelekwa Ngaramtoni Oktoba 2022, mahari ikapokelewa, ndoa ya kanisani ikangoja amalize masomo, Krismasi ya 2023 akaja nyumbani kama wenzake wote, na tarehe 19 Septemba 2024 Namnyaki akajifungua. Jana mzee mmoja akauliza, kijana alikuwa Cape Town, hiyo mimba ililetwa na posta, na wengine mkacheka, Namnyaki amesimama mlangoni na birika la chai yenu, mtoto mgongoni. Krismasi ile si mlikula naye loshoro hapahapa? Sayari hamkuidai ushahidi, mkachinja, mtoto yupo mbele yenu na paji la uso la babu yake, huyu ndiye mnamtakia vipimo!

Namnyaki anaogopa, anajua turubai likishushwa anaweza kuambiwa arudi kwao, lakini hataandika uongo kaburi likiwa wazi.

Februari 2025 kichwa kilianza kumuuma marehemu, akarudi, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo, akalazwa, akaomba aletewe mtoto, akamlaza kifuani akimwita kwa jina alilompa mwenyewe, akafariki tarehe 11 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi na kuleta kuni, walimu wa Ngaramtoni, na wenzake wa Cape Town waliopiga simu wakilia.

Ameacha wazazi, ndugu, mjane Namnyaki, na mtoto mmoja, Naserian Brayson Nanyaro, Ruth rudia jina hilo wasikie hadi wa nyuma, Naserian Brayson Nanyaro.

Pumzika sasa kwa amani, Baba Naserian.