Martina Kashindye Lugoye (1979–2025): Pumzi Moja, Hesabu Mpaka Thelathini

Martina Kashindye Lugoye alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika kijiji cha Imalamakoye, wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora. Alikuwa mtoto wa tatu wa Katekista Petro Lugoye na Mama Yustina Kalunde, mkulima wa tumbaku. Siku hiyo baba yake aliitwa mara tatu kutoka kanisani, ambako alikuwa akifundisha watu huruma, na mara tatu alikataa kukatiza somo. Mama Yustina alihakikisha bintiye anaijua habari hiyo kabla hajaijua sala ya Baba Yetu. Huenda ndipo Martina alipoanza kuwapima watu kwa swali moja: ulipoitwa, ulikwenda?

Alisoma Shule ya Msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Tabora, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Alipokuwa kiranja, mwalimu mmoja mtoro alimtaka aandike kwenye daftari la vipindi kwamba alifundisha juma zima. Martina aliandika: "Mwalimu alikuwepo kwenye daftari." Alichapwa fimbo nne. Maisha yake yote alizisimulia fimbo hizo kama wengine wanavyosimulia shahada zao.

Tarehe 5 Julai 2003 alifunga ndoa na Elias Masanja katika Parokia ya Urambo, wakajaliwa mtoto mmoja, Teopista. Martina aliondoka kuja Dubai mwezi Machi 2011. Kufikia Desemba, Elias alikuwa na mke mwingine na sababu nyingi nzuri. Martina alizisikiliza zote kwa simu, akasema, "Elias, hata uongo wako ni mvivu," akakata.

Alianza kazi kama mlinzi wa milango ya maduka. Mwaka 2014 alihamishiwa chumba cha mawasiliano cha kampuni yake, mtaa wa Rashidiya. Kazi yake ilikuwa kuyaita malindo yote kwa redio, moja baada ya jingine, kila saa. Lindo lisipojibu mara mbili, mtu anatumwa kwenda kuangalia. "Redio haipokei hotuba," aliwaambia wageni kazini. "Ukiitwa, sema upo."

Korona ilipoufunga mji mwaka 2020, Martina aliishi mtaa wa Al Nahda, katika jengo ambalo fleti ya vyumba viwili ililaza watu kumi na wawili. Aprili hiyo kutoka nje kulihitaji kibali, na walinzi walikuwa nacho. Wagonjwa walikuwa na hofu kubwa kuliko homa: mwenye fleti akisikia kikohozi, kitanda hupewa mtu mwingine na sanduku huwekwa koridoni. Kwa hiyo watu walikoholea kwenye mito.

Martina hakuitisha kikao. Alichukua karatasi ya zamu, akaigeuza, akaandika vitanda badala ya majina: "611, kitanda cha juu, dirishani." Kila baada ya saa mbili alipiga simu. Mgonjwa alitakiwa avute pumzi moja na kuhesabu mpaka thelathini, njia aliyopewa na muuguzi mmoja jirani wa kazini. Aliyekwama kabla ya kumi aliitiwa gari la wagonjwa. Asiyepokea mara mbili alibishiwa mlango.

Kwenye karatasi hiyo ilikuwemo 507, fleti ya wahudumu watano wa hoteli kutoka Kolombia na Peru. Walifika Januari, hoteli ikafungwa Machi. Hawakuwa na jumuiya wala ndugu mjini, na Kiingereza chao kiliishia kwenye menyu. Martina aliwaelekeza kwa vidole, akaandika namba za Kihispania kwa matamshi ya Kinyamwezi. Tangu hapo Yurani, binti wa Kikolombia wa miaka ishirini na sita, alimhesabia kwa simu: uno, dos, tres.

Jumuiya ya Waafrika Mashariki nayo haikulala. Ilifanya vikao vitano kwa video na kuunda kamati ndogo ya rangi ya fulana. Mwenyekiti, ambaye jina lake halitajwi hapa kwa kuwa fulana zimelitaja vya kutosha, alimpigia Martina.

"Dada Martina, tunaomba majina na picha za wagonjwa. Wafadhili wanataka kuona."

"Kwani wafadhili wanatibu kwa macho?"

"Dada, usiwe hivyo. Halafu nasikia unahangaika hata na wale Walatino. Wale si wetu."

"Wanakohoa kwa lugha gani, mwenyekiti?"

"Sijakuelewa."

"Najua. Yalla, haya, nina simu za kupiga."

Jumuiya iliamua kujitegemea. Jumamosi tarehe 11 Aprili kamati ilifika mlango wa 611 ikiwa na kibali, mfuko wa mchele wa kilo tano na wapiga picha wawili. Hamida, msafishaji kutoka Tanga, alikuwa na homa siku ya tatu. Aliambiwa atabasamu, ingawa alikuwa amevaa barakoa. Picha iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili, na mwenye fleti alikuwa mmoja wao. Kabla ya alasiri sanduku la Hamida lilikuwa koridoni na mchele ukiwa juu yake. Mwenyekiti alipopigiwa simu, alijibu kwamba suala hilo litaingia kwenye ajenda ya Jumanne.

Martina alibisha milango minne ya watu "wetu". Nyuma ya kila mlango palikuwa na huruma nyingi, na hakuna uliofunguliwa. Alipofika 507, Yurani alifungua kabla hajamaliza kueleza. Alilitazama sanduku, akamtazama Hamida, akasema neno la Kiarabu la "haya, twende" alilolipata hotelini: "Yalla." Watu wasio wetu wakasogeza magodoro.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, Yurani alihesabu mpaka sita akanyamaza. Hamida aliichukua simu.

"Mama, midomo yake imebadilika rangi!"

"Mkalishe wima. Usimlaze. Nakuja."

Martina aliita gari la wagonjwa, akasimama barabarani kwa sare yake kulielekeza. Yurani alikaa hospitali siku kumi na tisa, akarudi kwa miguu yake. Katika vitanda thelathini na vinane vya karatasi ile, hakufa mtu. Jumuiya ilitoa ripoti ya kurasa kumi na mbili, yenye picha.

Martina mwenyewe aliugua mwezi Mei mwaka huohuo. Mapafu yake hayakupona sawasawa, na mwaka 2023 madaktari walithibitisha kwamba yalikuwa na makovu. Alipunguziwa zamu, ukali haukupungua. Tarehe 28 Januari 2025 alilazwa. Hamida, anayefanya kazi za ndani mtaa wa Al Warqa, na Yurani, ambaye siku hizi ni mpokea wageni hotelini, waligawana simu: kila baada ya saa mbili.

"Mama, hesabu."

"Wapumbavu nyie, kuna mashine hapa."

"Mashine haijui kutukana. Hesabu."

Alihesabu. Siku ya kwanza alifika kumi na nne. Jumatano tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi, alifika nne. "Khalas, basi," alisema. "Mmesikia?" Saa sita hakupokea. Hamida alipiga tena, hakupokea. Wakafuata utaratibu: wote wawili waliomba ruhusa kazini, wakaenda mlangoni. Walimkuta amefariki, mkono wake ungali na joto.

Aliagiza azikwe hapahapa, katika makaburi ya Wakristo ya Jebel Ali, kwa sababu, alisema, maiti ikipandishwa ndege lazima iundwe kamati.

Jumuiya imeomba iandikwe katika wasifu huu kwamba marehemu alifanya kazi chini ya uongozi wake. Inaandikwa hapa kwamba iliomba. Waliokuja na fulana wanaombwa kusimama nyuma ya familia.

Marehemu ameacha mama, Mama Yustina. Binti, Teopista, aliyefika juzi kutoka Tabora. Mdogo wake marehemu, Stephen, anayesoma maneno haya. Mabinti wawili wa 507, Hamida na Yurani. Na mume, Elias, ambaye yeye alimwacha marehemu mapema zaidi.

Safari hii aliyeitwa ni Martina, naye amekwenda mara moja, bila kuuliza wanaomwita ni wa wapi. Mungu ampe pumziko lenye amani.