Artatrana Maharana, Seremala Aliyemvusha Bwana Jagannath Hadi Hull

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa wetu wa maseremala, watumishi wa hekalu, nanyi mliotoka mbali kuja kuketi nasi siku hii ya kumi na mbili, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yangu mdogo, marehemu Artatrana Maharana, nami ninayasoma nikiwa mtoto wa Dasarathi, kaka yake, na ninajua kwamba wengi wenu mlikuwepo, mtanisahihisha nikikosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1941 hapa hapa Puri, pwani ya mashariki ya India, mtoto wa pili na kitinda mimba wa Mzee Lokanath Maharana na Mama Hemalata, akaanza shule mwaka 1948, akapenda hesabu kuliko kitu kingine chochote, lakini mwaka 1954, akiwa darasa la saba, aliacha masomo baada ya babu kuanguka kutoka juu ya gari la Bwana na kuvunjika nyonga, maana magari yale matatu ya mbao, ambayo Bwana Jagannath na kaka yake na dada yake huvutwa nayo kwa kamba kutoka hekaluni siku ya safari, hujengwa upya kila mwaka tangu gogo la kwanza, na nafasi ya ukoo wetu katika kazi hiyo haiachwi wazi hata msimu mmoja.

Mwaka 1956 aliruhusiwa kuchonga gurudumu lake la kwanza katika gari la Bwana Jagannath, lile lenye magurudumu kumi na sita, na kabla hajatimiza miaka thelathini ndiye aliyekuwa akiachiwa mihimili migumu, ingawa alikuwa mzito wa kazi hata wenzake wakampa jina la Kobe, wakimtania, "Kobe, Bwana anasafiri mwaka huu au mwakani?" naye akijibu bila kuinua macho, "Mwaka huu, ila anataka kufika."

Tarehe 9 Februari 1966 alimwoa Bibi Sukanti wa Nimapara, ambaye yuko hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto wawili, Kumudini mwaka 1967 na Pitabasa mwaka 1970, na katika ndoa ya miaka hamsini hatukuwahi kuwasikia wakigombana isipokuwa juu ya chumvi, kwa sababu marehemu alikuwa akila wali wake wa maji na chumvi ya kutosha kukausha samaki.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya wazee waliniambia nipapite haraka, lakini sitapita haraka.

Mwezi Agosti mwaka 1984 ilifika barua kutoka kwa Daktari Nirakar Pattanaik, mwenyeji wa mji huu aliyekuwa akifanya kazi hospitalini Hull, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, akieleza kwamba familia zetu ishirini na mbili zilizokuwa huko zilikuwa zikisali mbele ya picha ya kalenda, watoto wao hawajawahi kuiona safari ya Bwana, na akiomba apatikane seremala wa kuwachongea Bwana Jagannath na kaka yake na dada yake, kisha aende akawajengee gari, na marehemu, ambaye mwarobaini wa uani kwake ulikuwa umeangushwa na tufani ya mwaka 1982 naye akakataa katakata kuupasua kuni, alisema moyoni kwamba sasa amejua mti ule ulikuwa ukingoja nini.

Baba yangu Dasarathi, aliyekuwa msimamizi wa maseremala, alimjia uani mbele yetu sote akamwambia, "Artatrana, Bwana hajawahi kukosa chakula hapa hata akatafute kibarua ng'ambo, na wewe ukivuka maji hayo usije ukashika tezo kwenye gari letu tena," na kwa kuwa marehemu siku hizo hakuwa mtu wa kumjibu kaka yake, Mama Sukanti, akiwa bado anapepeta mchele, akasema, "Shemeji, jina lake ni Bwana wa Ulimwengu, au nyie maseremala mlimpunguzia akawa Bwana wa Puri?"

Aliondoka tarehe 11 Machi 1985 akiwa na sanamu alizozichonga kwa mwarobaini ule, ndani ya blanketi tatu, na tezo moja, akakaa Hull miezi minne, katika baridi iliyompasua vidole, akajenga gari la mwaloni la magurudumu manne, na polisi walipompa sharti kwamba lisizidi futi kumi na nne kwa sababu ya daraja la reli, yeye aliyezoea gari la futi arobaini na tano, Daktari Pattanaik alimwomba radhi kwa aibu hiyo, naye akacheka akasema, "Daktari, Bwana mwenyewe hana viganja wala nyayo na amesafiri miaka yote hii, atashindwa kukunja mwavuli?" kisha akatengeneza paa la kukunjwa kwa kamba.

Safari ilifanyika Jumamosi tarehe 22 Juni 1985, siku mbili baada ya yetu, mvua ikinyesha, na kwenye kilima kidogo karibu na soko la samaki gari likakwama, wavutaji hawazidi sitini na wengi wao wamevaa viatu vya kuteleza, wenyeji wamesimama kando ya njia wakitazama, ndipo mama mmoja, Bibi Doreen Askew, mfungashaji wa samaki, akasogea hadi mbele ya gari akayatazama yale macho makubwa ya duara kwa muda mrefu, akauliza kupitia kwa daktari, "Huyu hafumbi macho?" na marehemu akajibu, "Hana kope, mama, akifumba nani atatuona?"

Yule mama akasema, "Basi alimwona Walter," maana mumewe alizama na meli ya uvuvi karibu na Iceland mwaka 1974 na mwili haukupatikana, na bila kungoja jibu akaishika kamba, akageuka akawapigia kelele wenzake wa kiwandani, "Nyie mmegeuka nguzo za taa? Njooni mvute!" nao wakaja, na gari likapanda.

Marehemu alirudi Julai mwaka huo akakuta neno limemtangulia, maseremala wamekubaliana asishike tena kazi ya gari, na siku alipokwenda kwenye ujenzi mwaka uliofuata baba yangu alimwambia mbele ya watu, "Kwa hiyo siku hizi Bwana anangoja wikendi?" naye akajibu taratibu, "Hapa humngoja mfalme amfagilie gari, kule aliwangoja wauguzi watoke zamu," akaokota tezo lake akaenda nyumbani, na kwa miaka sita alichonga vitanda na milango, na kila mwaka, safari ilipoanza, alisimama Njia Kuu pamoja na umati akisikiliza magurudumu, akatuambia jioni ni lipi linalia na kwa nini, wala hakukosea hata mara moja.

Aprili 1992 baba yangu, aliyekuwa ameanza kupofuka, alikuja mwenyewe hadi mlangoni pale akipapasa ukuta, akasema, "Sioni tena mstari wa makaa kwenye mbao. Kesho uje," na marehemu akasema, "Nitakuja, Kaka, ingia kwanza ule," wakala sahani moja, na neno la samahani halikusemwa siku ile wala hadi baba yangu alipofariki mwaka 1998, kwa hiyo leo mimi mwanawe nalisema mbele yenu, Baba Mdogo, tulikukosea, nami nilikuwa miongoni mwa vijana waliocheka ulipookota tezo lako.

Mwaka 1993 Bibi Askew alikuja Puri, na kwa kuwa wageni wa dini nyingine hawaruhusiwi kupita lango la hekalu, marehemu naye alikataa kuingia, akaketi naye nje juani wakila korosho, kila mmoja akisema lugha yake, mpaka jirani akamuuliza anamwonyesha nini mgeni wa watu ukutani pale, naye akajibu, "Tunamngoja, kesho anatoka mwenyewe," na kesho yake, katika umati wa laki nyingi, mama yule mwenye miaka sabini na moja aliivuta kamba ya Bwana, na hakuna aliyemuuliza alikotoka.

Tangu hapo marehemu alichonga sanamu zilizokwenda miji kumi na mmoja, ikiwamo Winnipeg na Rotterdam, huku akiendelea na mihimili yetu hapa hadi msimu wa mwaka 2011, na alipoulizwa kama haogopi Bwana kuzoea ugenini, alisema kwamba mtu mwenye nyumba nyingi za kufikia hajahama kwake.

Mwaka 2012 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi la mbao, akatibiwa Cuttack kwa vipindi katika miaka mitatu, kisha akaomba arudishwe nyumbani, na Alhamisi tarehe 3 Machi 2016, saa nne asubuhi, Mama Sukanti akiwa amemshika mkono na Kumudini akimpepea, alivuta pumzi yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka sabini na minne, na siku hiyo hiyo Pitabasa alimwashia moto pwani ya Swargadwar, tunakowachomea wafu wetu, na marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Cuttack waliompunguzia maumivu, majirani mliopika kwa zamu kwa sababu jiko la mfiwa haliwashwi, maseremala wenzake mliombeba, Daktari Pattanaik aliyefunga safari na miguu yake hiyo, na watu wa Hull, ambao wametuletea habari kwamba siku ya msiba wetu kiwanda cha samaki kilisimamisha kazi dakika tano.

Chakula kitakatifu kimeshaletwa kutoka jiko la hekalu, tafadhali asiondoke mtu bila kula, kaeni popote, na yeyote.

Nawe Baba Mdogo, Kobe wetu, gari lako limefika, weka tezo chini, upumzike kwa amani.